Klori ya Mama Masika

Kwa miaka sita Mama Masika alijitolea kwenye ufuko wa ziwa, upande wa kambi ya wakimbizi ya Mugunga, akitia klori, dawa ya kuua vijidudu, katika bidoni, madumu ya wachota maji. Kila bidoni bomba moja la sindano, na onyo lilelile: "Ungojee nusu saa, mama, ndipo munywe." Hakulipwa. Shirika letu lilimpa koti la mvua na sifa, na sifa hazipikwi.

Klori ilitoka kwetu hadi tulipotia saini mkataba wa ushirikiano na serikali. Tulipiga picha, tukanywa soda. Sisi tulielewa kwamba tangu siku ile dawa ingeletwa na ofisi yao. Wao walielewa kwamba tungeendelea kuileta mpaka bajeti yao ipite. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na mimi, karani wa shirika, nilikuwa mmoja wao. Niliandika barua tatu, zikajibiwa kwa adabu kubwa. Hasira haijaniisha hadi leo.

Ndoo ya dawa ilipokaribia kuisha, Mama Masika alifanya kile ambacho mama wa kwetu hufanya wageni wakizidi chungu: aliongeza maji. Kesho yake akaongeza tena. Aliona akisema hakuna, watu wangezoea kumpita, hata dawa ikirudi wasisimame. Mwishowe alikuwa anatia maji ndani ya maji.

Kipindupindu kikaingia kambini. Nabintu, mama wa watoto wanne, aliugua asubuhi, na jua lilipotua alikuwa ameshakufa.

Siku mbili baada ya mazishi, mumewe Ferdinand alishuka ziwani. Nilikuwepo, nimekuja kumwonyesha Mama Masika barua ya nne. Ferdinand alijaza bidoni yake, akaisogeza mbele yake.

"Mama, leo utie dawa mingi. Batoto banabaki na mimi tu."

Mama Masika aliweka sindano chini.

"Papa Ferdinand, hii haiko dawa. Ilishaisha tangu juma mbili. Naongezaka maji tu, nangojea ya serikali."

Ferdinand aliinama, akaivuta bidoni yake kando. Nilitamani amtukane, au anitukane mimi.

"Karibu na hema yetu kuko robine ya maji safi," alisema. "Nabintu alikuwa anaiacha, anashuka mpaka huku. Alisema maji ya Mama Masika ndiyo iko na dawa."