Mwanamke Niliyempisha Kwenye Benchi

Haki ya Mungu, haya yalinipata mimi mwenyewe, tena asubuhi, jua likiwaka. Usije ukaniambia watu wa aina ile hutoka usiku tu. Mimi nimeokoka, sinywi, na tulikaa naye bega kwa bega.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa na msichana mmoja, Mwende, na baada yake nilikuwa nimezika wawili, wote wametoka bila pumzi kwa sababu ya presha. Mimba ya nne ilipofika, sista wa kliniki yetu, upande wa Kathonzweni, aliniambia nisikate tamaa. Daktari wetu, kijana wa Kilungu, alikuwa amepelekwa ng'ambo kusomea mimba za hatari, zile kama zangu. We! Tulimwombea kanisani mpaka pasta akachoka kulitaja jina lake.

Akarudi. Nilikuwa na miezi minane, miguu imefura mpaka viatu vimenikataa. Siku yake ya kwanza kazini nilifika kabla mlango haujafunguliwa, nikakaa wa kwanza kwenye benchi. Mvua ilikuwa imenyesha, na sisi wote tulikuwa na matope mekundu mpaka magotini.

Kugeuka, namwona mwanamke ameketi kando yangu. Tumbo lake, usiseme! Kubwa kuliko langu. Alikuwa anasokota mkonge pajani, anaanza kusuka kyondo, na hicho kikapu hakijapita ukubwa wa kiganja. Miguu yake ilikuwa mikavu, ina vumbi jeupe la kiangazi. Niliona. Lakini nani hufikiria mambo kama hayo kwenye benchi la hospitali?

"Daktari amerudi?" akaniuliza.

"Amerudi, mwaitu," nikamjibu, kama tunavyomwita mama kwetu.

"Aliniambia nimngoje. Nimengoja sana."

"Basi tangulia wewe." Si ndivyo tulivyolelewa? Mwenye tumbo kubwa hupishwa. Hata nilisogeza magoti apite.

Sista akaita wa kwanza, yule mama akaingia. Nikasikia daktari akimsalimu vizuri, akimwambia alale kitandani. Halafu nduru, niamini, ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanaume.

Daktari akatoka mbio. "Sista, huyu si Kalekye? Yule niliyemwambia anisubiri mpaka nirudi? Mbona tumbo lake ni baridi hivi?"

Sista akashika kichwa. "Daktari, Kalekye alikufa mwaka ule wa ukame, hata mwezi haukuisha tangu uende. Na hakuna mtu ameingia humo. Nimeita mara mbili, huyu mama amekaa tu." Akaninyooshea kidole mimi.

Tukachungulia. Kitandani hakukuwa na mtu. Kulikuwa na vumbi jeupe na uzi wa mkonge.

Nikamshika daktari koti. "Mimi niko hai. Niguse basi! Mtoto anacheza."

Akaniangalia, macho yamejaa machozi. "Mama, nisamehe. Kila tumbo nitakaloshika sasa litakuwa lake." Akaondoka kabla ya saa sita mchana. Nasikia siku hizi ana duka la mbolea huko Emali, na mwanamke mwenye mimba akiingia, yeye hutorokea mlango wa nyuma. Masomo yote yale!

Mtoto wangu alizaliwa Jumapili. Mvulana. Hakulia. Nililia mimi kwa niaba yake, nikamlaumu Mungu waziwazi, na mpaka leo sijaona sababu ya kuyarudisha maneno yangu.

Sasa Mwende ni mtu mzima, ana mimba ya kwanza, na presha imemshika kama ilivyonishika. Juzi alirudi kutoka kliniki ile ile akitabasamu. Kuna daktari mwingine ameenda kusoma, na Mwende ameambiwa amngoje. Na tena amepata rafiki kwenye benchi, mama mpole anayesokota mkonge.

Nikamwuliza, "Miguu yake ilikuwaje?"

"Ina vumbi, mama. Kwa nini?"

Wewe unayenisikiliza, ukiambiwa ungoje daktari aliye masomoni, usingoje. Uza ulicho nacho, panda gari, nenda kwenye hospitali kubwa. Na ukikaa benchi lolote, tazama miguu ya jirani yako kabla hujamjibu.

Mimi nimeuza mbuzi ili nimpeleke Mwende Nairobi. Nimemfungia nguo, nimemlilia, nimempigia magoti. Amekataa. Anasema amemwahidi yule mama kwamba watangoja pamoja.