Kijiti Nilichokichomeka Buganguzi

Naona haya kuwasimulia, lakini mkicheka mnicheke mimi, msiwacheke akina mama wa Buganguzi. Asubuhi ile nilitoka Kitendaguro bila mpango, kama kawaida yangu (shule niliiacha mapema, kutangatanga sikuacha), na kichwani nilikuwa na maneno ya mtaalamu mmoja wa maji niliyembebea mizigo pale Bukoba, kwamba barafu ya milima ya Ruwenzori inazidi kupungua kwa sababu ya joto, na mito inayoitegemea itapungua pia. Nikajiuliza, na chemchemi zetu je? Basi nilipofika Buganguzi nikaikuta moja chini ya kilima, nikakata kijiti, nikakitia alama ya usawa wa maji kwa wembe, nikakifunga uzi mwekundu ili nikirudi mwaka ujao nikione upesi, nikakichomeka katikati ya maji bila kumwomba mtu ruhusa.

Mama mmoja akaja na ndoo, akauona uzi, akarudi kinyumenyume. Vita vya Amin vilikuwa vimetuachia hofu ya wageni, na ule ugonjwa tuliouita Juliana, yaani UKIMWI, ulikuwa unazika watu nyumba hadi nyumba, wengi wakisema ni uchawi. Punde nikazungukwa, mgambo mwenye rungu akiwa mbele.

"Umetutegea nini humu?"

"Napima maji, waitu," nikamjibu kwa neno letu la heshima. "Barafu ya mlimani inayeyuka."

"Barafu? Hapa Buganguzi?" Akawatazama wenzake. "Haya, yanywe."

Nikanywa kata nzima. Wakasema nimechota pembeni, nichote penye kijiti. Nikachota. Yule mama akasema sikumeza, nirudie, na nikarudia mpaka tumbo likawa ngoma. Nikaomba kwenda migombani kidogo, mgambo akakataa (atakimbia huyu), basi nikajikojolea pale pale, mbele ya wanawake wote.

"Angalau yanatoka," mama akasema, na hakuna aliyecheka.

Wakakubaliana asichote mtu mpaka waone nimeamkaje. Balozi wa nyumba kumi akanichukua kwake, akanipa shuka kavu, kitanda chake mwenyewe, na sahani ya ndizi na maharage.

"Kula ushibe, mwanangu. Ukifa, tujue ni maji, si njaa."

Tangu siku ile sigusi maji ya watu kabla ya kupiga hodi kwa wenyewe. Lakini jioni hiyo, nimelala chali kitandani kwa balozi, tumbo lilianza kunguruma, nami nikawa nakohoa kwa nguvu ili mgambo aliyeketi mlangoni asilisikie.