Doa la Dagaa Juu ya Pijo

Ipo asubuhi moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu Ester, nayo ni ile niliyopanda juu ya ndoo nikaanika dagaa kwenye paa la gari la mume wangu. Naona unacheka. Cheka tu, lakini sikiliza, maana tangu uliponipigia simu juzi ukilia sijafikiria kitu kingine. Umesema umemwambia Daudi achague, wewe au lile gari kuukuu analohangaika nalo hapo kwenu Mirongo. Umesema Jumamosi wanakuja watu wa vyuma chakavu, na wasipoondoka na gari, basi wewe utaondoka na begi lako. Nilikaa kimya, ukadhani shangazi yako nimekasirika. Sikukasirika, mwanangu. Niliogopa.

Mimi hasira zangu ukoo mzima unazijua, sina haja ya kuzificha. Nilipoolewa hapa Busisi nilikuwa msichana mwenye mdomo, na nikapewa mwanaume asiye na maneno. Marehemu Lushinge alikuwa karani wa pamba, mtu wa kukujibu kesho swali ulilomuuliza leo. Hatujapata hata kitanda cha maana, siku moja akaja nyumbani na gari. Pijo, mwanangu, ile ya zamani yenye mgongo mrefu, rangi ya maziwa. Ilikuwa ya padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Hata wakati ule ilikuwa imeshachoka, na siku hizi ndiyo usiseme, unaweza kuzunguka Mwanza nzima usiione nyingine.

Jamani, nililichukia gari lile! Jumapili baada ya ibada wenzangu wanatoka na waume zao kwenda kusalimia ndugu, mimi wangu yuko chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Wageni wakija wanasalimiana na miguu. Kanga zangu nzuri ziliishia kufutia oili. Akiagiza kifaa mjini anakisubiri miezi, na kikifika anakishika kwa mikono miwili, anakigeuzageuza, anatabasamu peke yake. Mimi hakuwahi kunitabasamia namna ile, au ndivyo nilivyoona kwa wivu wangu. Basi nikalipa gari jina, nikaliita mke mwenzangu. Asubuhi namuuliza, "Mke mwenzangu kaamkaje leo?" Naye ananijibu taratibu, "Kaamka na kikohozi."

Siku iliyonivunja, aliniahidi kunipeleka Misungwi kumwona mama yangu, ambaye alikuwa hajisikii vizuri. Nimeoga, nimevaa, natoka nje nakuta injini imefunguliwa, vyuma vimepangwa juu ya gunia. Nikashuka kwa miguu mpaka kwenye pantoni, nikaenda kwetu mwenyewe, nikarudi kesho yake na beseni la dagaa wabichi kichwani, nafoka njia nzima. Asubuhi iliyofuata majabali yote ya kuanikia yalikuwa yameshawahiwa na wenzangu. Jua kali. Nikaliangalia lile paa jeupe, pana, limeshapata moto, na mwenyewe ameenda kazini kwa miguu. Nikachukua ndoo, nikapanda, nikaanika dagaa wote kwa mistari. Nakwambia niliimba. Sijawahi kuanika dagaa kwa raha kama siku ile.

Mama mkwe akatokea shambani. Nikapiga goti nikasema, "Shikamoo, mayu." Akaitika marahaba huku anatazama paa. Akaweka jembe chini, akachukua ungo, akaanza kuokota dagaa mmoja mmoja. Mimi nikadhani ananisaidia kuwageuza. Bila kunitazama akaniuliza, "Ng'wanawane, mwanangu, unajua Kabula alizaliwa wapi?"

Kabula ni wifi yangu, mdogo wake Lushinge, yule aliyekuchezea kwenye harusi yako mpaka viatu vikakatika. Nikajibu kwamba nadhani alizaliwa hospitali, ng'ambo.

"Alizaliwa humu," akasema, akagonga mlango wa nyuma kwa kidole.

Ndipo akanisimulia. Uchungu ulimshika vibaya, mtoto hashuki, na yule padri akambeba kwenye gari lake wamkimbize hospitali upande wa Mwanza. Walipofika hapo chini pantoni iko ng'ambo, Kigongo, na mvua inanyesha hata maji ya ziwa hayaonekani. Foleni imesimama. Unajua desturi ya pantoni, abiria wote hushuka wakaingia kwa miguu, gari likaingia na dereva peke yake. Mama mkwe akasema hakuwa na uwezo wa kushuka. Wanawake waliokuwa wanauza samaki kwenye foleni wakaacha mabeseni yao, wakavua kanga zao za juu wakaziba vioo vyote, wawili wakaingia ndani. Padri akasimama nje amegeuza mgongo, analowa, anasali kwa sauti. Pantoni ilipogusa ukingo, mtoto alikuwa ameshalia. Ndiyo maana anaitwa Kabula, mtoto wa mvua.

"Tangu hapo," akaendelea, "kila gari hili lilipopita, watoto wangu walikuwa wanaliita gari la Kabula. Padri alipotaka kuondoka, mume wako alimwendea akamwomba asiliuze kwa mtu mwingine. Yeye hawezi kukuambia haya. Mtoto wa kiume hasimulii uzazi wa mama yake, hata kwa mkewe. Basi nakuambia mimi. Ukitaka kulidharau, lidharau, lakini ulidharau ukijua."

Akaendelea kuokota dagaa. Hakunigombeza zaidi ya hapo. Afadhali angenigombeza, mwanangu, ningejua la kumjibu. Nikapanda tena kwenye ndoo, tukaokota wote, nikachota maji na sabuni nikasugua lile paa mpaka mikono ikauma. Nilikuwa nimechelewa. Mafuta ya dagaa yalikuwa yameshakaangwa na jua kwenye rangi, likabaki doa la kahawia. Na harufu! Iliingia hata kwenye mipira ya vioo. Wiki nzima paka wa Busisi walikuwa wanalala juu ya gari letu.

Lushinge aliporudi akalizunguka gari, akanusa, akapanda kwenye ndoo akatazama, akashuka. Nikamwambia, kwa sauti ndogo ambayo hakuwa ameizoea, kwamba mama amenisimulia yote, na tutafute fundi alipake rangi upya. Alinijibu baada ya kula. "Mama ana alama yake mle ndani, Kabula ana yake. Wewe sasa unayo yako. Liache." Nikaenda jikoni nikalia, na sijui nililia kwa sababu gani hasa, aibu au furaha.

Kuanzia siku ile nilianza kumsikiliza vizuri. Mwanaume akikaa anazungumza kabureta, plagi na bati la mlango kutwa nzima, mara nyingi lipo jambo jingine ambalo hana namna ya kulisema. Kabureta analiweza. Lile jingine halimtoki mdomoni, basi analipeleka mikononi, analifungua, analisafisha, analifunga tena. Nikaona pia watu wengine. Tukiwa kwenye foleni ya pantoni hatukukosa mtu wa kuja kutusalimia kwa sababu ya lile gari. Mzee mmoja alikuja akaweka kiganja kwenye boneti, akasema harusi yake ilibebwa na pijo ya namna hiyo, akasimama hapo muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Mama mmoja aliomba tu akae kiti cha nyuma. Gari jipya likipita watu wanaona gari, wanasema hongera, wanaendelea na yao. Letu lilipopita, kila mtu alikuwa anamwona mtu wake. Ndiyo raha yao hawa wanaopenda magari ya zamani, mwanangu. Si kwamba hawajui kuna magari mazuri zaidi, wanajua kutuzidi sisi. Wanajua pia kwamba wao wakiyaacha, hakuna atakayeyashika.

Na mimi nikapata desturi yangu. Lushinge alihamishiwa kazi mjini, akawa anakuja Jumamosi. Pantoni ikishamshusha, lile gari lilikuwa linapanda kilima hiki kwa kukohoa, halafu linanguruma pale kwenye kona ya mfenesi, halafu linatulia. Nikisikia kikohozi cha kwanza nabandika maji ya ugali. Akizima injini, maji yanachemka. Hatukuwa watu wa kukumbatiana mbele za watu. Salamu yetu ilikuwa ile sufuria. Nililea watoto na wajukuu kwa saa ile ya Jumamosi.

Alifariki kabla daraja jipya la kuvukia Kigongo halijakamilika. Alikuwa akipenda kukaa nje anatazama zile nguzo zinavyopanda kutoka majini, ananiambia, "Siku likifunguliwa, tutapita na pijo, na wewe utakaa mbele." Mungu akapanga lake. Gari likabaki uani, limefunikwa turubai, kuku wanataga chini yake. Wanangu wakakaa kikao wanasema liuzwe, mimi nikasema fanyeni mtakavyo, sikuwa na nguvu za kubishana. Masanja, mkubwa wao, ndiye aliyekuja na lori akalibeba kwenda mjini. Sikuuliza analipeleka wapi. Niliamini ni kwa watu wa vyuma chakavu.

Daraja likafunguliwa, watu wakapita wakishangilia, mimi sikwenda. Sasa mchana mmoja nimekaa napukuchua mahindi. Nikasikia kikohozi kule chini. Mwanangu, sikuwaza kitu. Miguu iliinuka yenyewe. Nikachota maji nikabandika, nikachochea moto, nikatoa unga. Likanguruma kwenye kona ya mfenesi. Maji yalipoanza kuimba ndipo nikakumbuka kwamba mume wangu amekufa.

Masanja akaingia jikoni akanikuta nasonga ugali na machozi yanadondoka. Akashtuka. "Mama, nani amekuambia nakuja? Nilitaka nikushtukize."

Nikamwambia, "Baba yako."

Tukala ugali wote wawili. Baadaye akanivusha daraja, nimekaa mbele kama nilivyoahidiwa. Jua lilikuwa kali, na kwenye mipira ya vioo bado kuna harufu kidogo ya dagaa. Kumbe alikuwa amelipeleka kwa fundi, si kwenye vyuma chakavu; fundi alitaka kulipaka rangi lote, Masanja akamkataza kugusa paa. Nina picha za Lushinge pale ukutani, nazipenda, lakini hakuna picha iliyowahi kunifanya nibandike maji.

Sasa nakuja kwako. Juzi kwenye simu ulisema maneno mengi, na katikati yake ukasema jambo moja ukalipita haraka. Ulisema baba yake Daudi alikuwa dereva wa pijo za abiria, za aina ile ile ya hilo gari lake, barabara ya Musoma, na kwamba alifariki Daudi hajaanza hata shule. Ukaendelea kulalamika habari ya oili kwenye mashuka. Mwanangu, mimi niliishia hapo hapo, mengine sikuyasikia. Huyo mtoto hakumbuki sura ya baba yake. Atakuwa anakumbuka nini? Labda kiti. Labda namna mlango ulivyokuwa unafungwa. Labda ndiyo sauti tu, kama mimi. Sijui, na wewe hujui, maana hujamuuliza. Umemuuliza tu kwamba litaondoka lini.

Nasaha yangu ni hii. Usimwambie mtu achague kati yako na kitu ambacho hujakijua ni nini. Kwanza kaa ndani ya lile gari, kiti cha mbele, akiwa amekaa kwenye usukani, na umwulize habari za baba yake. Usiulize habari za gari. Halafu nyamaza, hata akichelewa kujibu mpaka kesho. Daudi naye mwambie shangazi amesema hivi: gari lisile kabla ya watoto, na Jumapili miguu yake ionekane kanisani na ukweni, isionekane chini ya gari tu. Akikuahidi safari, injini isifunguliwe siku hiyo. Mimi nilivumilia, lakini sikufurahia, na yeye asidhani kuvumiliwa ni sawa na kupendwa. Na wewe ukishamsikiliza ukaona bado huwezi, rudi uniambie, nitakuwa upande wako. Ila usiruhusu likatwe kwa hasira. Likishakatwa, hata ukija kulilia utalipata wapi?

Jumamosi watu wa vyuma chakavu waambie wasije. Njooni nyinyi huku, na lile gari, mpite juu ya daraja. Mungu awalinde njiani, awape maneno pale mnapokosa maneno, awape na uzee wa pamoja ambao mimi sikumaliziwa. Msinipigie simu kusema mmefika Kigongo. Sauti ya pijo naijua, na mkizima injini hapo uani mtakuta maji yanachemka.