Marahaba ya Mwalimu

Kariakoo mteja anavutwa mkono, ndiyo kazi yetu. Siku ile nilimdaka mzee mmoja aliyembebea mkewe mkoba.

“Anko, jezi kali hizi, njoo ndani!”

Akanitazama, akajibu taratibu: “Marahaba.”

Shikamoo yenyewe sikuwa nimeitoa. Hapo ndipo nilipomtambua: mwalimu wangu wa mji mdogo nilikokulia, kocha aliyepuliza filimbi huku kambeba mwanawe mgongoni, na asiyeruhusu mtu kugusa mpira kabla hajawaamkia wazee waliokaa kandokando ya uwanja.

Mshenzi mimi, mkono wake bado nilikuwa nimeung’ang’ania kama kibaka.

“Shikamoo, mwalimu,” nikasema, macho chini.

“Marahaba,” akarudia, kisha akamgeukia mkewe kwa fahari. “Huyu nilimfundisha mimi.”