Waliogonga Bila Hodi

Binti yangu akipasua boga na kuanza kukomba mbegu, harufu ile mbichi hunirudisha ghorofa ya tisa, St. James Town, mwaka wetu wa kwanza Toronto.

Mama alikuwa anapika boga la nazi. Baba alikuwa kazini. Mlango ukagongwa. Tukasubiri mtu aseme hodi, hakusema. Ukagongwa tena, kwa nguvu zaidi, na nje miguu mingi ikawa inakimbia huku na huku.

Mama alizima jiko, akazima taa, akachungulia kwenye kitundu cha mlango. Aliporudi, alinivuta karibu yake.

"Wamefunika nyuso," alininong'oneza. "Mwenye nia njema hafiki mlangoni kwa mtu bila kupiga hodi. Hata kukohoa usikohoe."

Tukakaa sakafuni, nyuma ya kochi. Akanipakata, akanibana kifuani, moyo wake ukawa unanidunda mgongoni. Kila mlango ulipogongwa alinibana zaidi, akisoma dua, midomo yake ikigusa utosi wangu. Tangu tufike alikuwa akitoka alfajiri na kurudi nimeshalala. Siku ile tu alikuwa na mapumziko. Nilikuwa nimesahau anavyopakata.

Mimi nilijua ni watoto, wanataka peremende tu. Mwalimu alikuwa ametueleza kuhusu Halloween, usiku ambao watoto wa huku huvaa vinyago na kupita mlango hadi mlango. Mkoba wangu ulikuwa pale miguuni, na ndani mlikuwa na kinyago cha paka nilichokikata shuleni siku hiyohiyo.

Nikausukuma kwa kidole cha mguu mpaka ukaingia chini ya kochi, nikanyamaza.