Mayai ya Jumapili

Miaka ile dada yangu mdogo alipokuwa akijitayarisha kuiwakilisha nchi kwenye mbio, nchi ilikuwa haijamjua. Waliomjua ni akina mama wa kanisa letu, huku kwenye vilima vya majani chai vya Nyamira. Mama yetu alipofariki, wao ndio walioamua kwamba msichana anayekimbia hadi barabara kuu na kurudi kila alfajiri hawezi kuishi kwa ugali na mboga ya chinsaga peke yake. Kwa hiyo kila Jumapili, Sabato ikishapita, walipita kwetu mmoja mmoja na mayai. Wengine waliyaleta kwenye sufuria ndogo, wengine wameyafunga kwenye pindo la leso.

Mwenyekiti wao alikuwa mjane mwenye sauti ya kumwita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alikuwa akifika anaanza ukaguzi.

"Hebu tuone hiyo miguu. Ni nini hii? Bado ni ya korongo. Mwanangu, unayala haya mayai au unawauzia walimu?"

"Nayala, mama."

"Basi yanakwenda wapi?"

Dada yangu alicheka huku akijifunika magoti kwa sketi.

Upande wa serikali, alikuwa amepewa fulana moja yenye rangi za bendera baada ya kushinda mashindano ya eneo letu, pamoja na ahadi. Ahadi yenyewe ilikuwa kwamba akimaliza miongoni mwa watatu wa kwanza kwenye mchujo wa taifa, ataingia kambini, ambako kuna kocha, daktari na chakula, na kutoka kambini atakwenda Olimpiki. Wakati huo alikuwa na maumivu kwenye mfupa wa mguu wa kushoto. Aliukanda kwa maji moto na chumvi. Daktari wa wanariadha alikuwepo, lakini alikuwa ng'ambo ya pili ya mchujo.

Mchujo ulipangwa kufanyika Ijumaa asubuhi, Nairobi. Wiki ya mwisho ujumbe uliingia kwenye simu yake: mbio zake zimesogezwa hadi Jumamosi, saa nne asubuhi.

Sisi ni watu wa Sabato. Tangu jua la Ijumaa lizame mpaka la Jumamosi lizame, kwetu hakuna anayechuma chai, anayeuza ndizi wala anayefua nguo. Baba ni mzee wa kanisa. Siku moja ya Ijumaa, lori la kiwanda cha chai lilichelewa na majani yetu yalikuwa yamekwisha kuchumwa, yamejaa vikapuni kituoni. Jua lilipozama baba alisema twende nyumbani. Lori lilikuja tukiwa njiani. Tuliliona, na dereva alitupigia honi. Majani yale yaliozea pale pale, na baba hakuyazungumzia tena.

Nilikuwa nikiishi Kiogoro wakati huo, nikifanya kazi ya redio mjini Kisii, kwa hiyo nilijua namna ya kuwatafuta watu wa ofisini. Nilimpata mmoja wa wasimamizi wa mchujo kwenye simu na kumweleza.

"Dada, hii ni timu ya taifa," alisema. "Sio kwaya."

"Naelewa. Naomba tu mbio zirudi Ijumaa, au ziende Jumapili."

"Ratiba haibadilishwi kwa ajili ya mtu mmoja."

"Lakini imebadilishwa juzi."

"Hiyo ilikuwa kwa sababu ya televisheni."

Nilimuuliza kama ningeweza kuandika barua. Akasema barua zinapokelewa siku za kazi, na simu ikakatwa.

Jioni ya Jumatano nilikwenda nyumbani. Mkoba wa dada yangu ulikuwa mlangoni, umefungwa, viatu vya kukimbia vimelazwa juu yake. Alipaswa kuondoka kesho yake. Tulipomaliza kula alimgeukia baba, ambaye sote tunamwita Tata.

"Tata, unasemaje?"

"Mimi sikuzuii, wala sikutumi. Wewe ni mtu mzima."

"Ungekuwa ni wewe?"

Baba alisogeza sahani yake mbele. "Mimi unajua nilichofanya," alisema. "Niliyaacha majani yakaoza."

Akatoka kwenda kuwaangalia ng'ombe, ambao alikuwa ameshawaangalia.

Asubuhi ya Alhamisi, mapema, mwenyekiti wa akina mama alikuja. Haikuwa siku yake. Alikuwa amebeba mayai ya kuchemsha kwenye leso, bado yana joto. Aliyaweka mezani. Hakuikagua miguu, hakutania, hakutaja mbio wala Sabato. Alimshika dada yangu mkono kwa muda mrefu, akasema anakwenda kuchuma chai kabla ya mvua, akaondoka.

"Umeona?" dada yangu aliniambia. "Hata kunitania ameshindwa. Wamekaa, wamenijadili."

Mimi pia niliona hivyo. Kwetu mtu mzima akikasirika hapigi kelele, ananyamaza. Gari la Nairobi alilokatia tiketi liliondoka Kisii bila yeye. Yale mayai yalibaki mezani mpaka yakapoa.

Jumamosi tulikaa benchi moja kanisani. Saa nne ilipokaribia, mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri. Dada yangu alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayeomba, lakini niliona magoti yake. Yalikuwa yakitikisika chini ya sketi, moja baada ya jingine, mpaka benchi letu lote likaanza kutikisika. Hakuna aliyegeuka kutazama. Kisha yakatulia.

Sifa zilianza siku hiyo hiyo. Mlangoni watu walimshika mikono yote miwili. Wasichana wa shule walionyeshwa yeye kama mfano. Mayai yakaongezeka, wakaja hata akina mama wa kanisa la jirani ambao hatukuwa tunawafahamu. Dada yangu aliyapokea, akashukuru, akayapanga jikoni, na hakuyala. Nilikuja kugundua kwamba anampa jirani ayauze sokoni. Kukimbia aliacha. Alisema mguu unauma.

Olimpiki ilipofika tulikuwa Mosocho, tumekwenda kumjulia hali shangazi aliyekuwa mgonjwa. Dada yangu aliingia dukani kununua sukari. Televisheni ya duka ilikuwa juu ya rafu, na mbio zilizokuwa zikionyeshwa zilikuwa za umbali wake. Wanaume walikuwa wamejaa mlangoni. Wanawake wetu walikwenda vizuri mpaka mzunguko wa mwisho, kisha mmoja baada ya mwingine wakapitwa. Hatukupata medali.

"Imeisha hii nchi," mwanamume mmoja alisema. "Tulikuwa tunawafunga hawa tukiwa tumefumba macho."

"Wasichana wa siku hizi ni wavivu. Wanataka pesa bila jasho."

"Si uende ukimbie wewe na hilo tumbo!"

Walicheka. Dada yangu alikuwa katikati yao, pakiti ya sukari mkononi, akingoja chenji. Mmoja alimwambia asogee, anawazibia. Akasogea.

Mwezi uliofuata kanisa lilikuwa na Sabato ya vijana, na mchungaji alimwita mbele atoe ushuhuda. "Binti huyu," alisema, "alimchagua Mungu akaiacha medali."

"Amina!" watu waliitikia.

Dada yangu alisimama mbele bila kushika kitu. Tulikuwa tumezoea asemavyo, polepole na kwa kutazama chini. Safari hii aliwatazama.

"Mnanisifu kwa jambo ambalo sikulifanya," alisema. "Mungu sikumuuliza. Sikuomba hata siku moja nijue anataka nini. Niliwaogopa nyinyi. Nilijiuliza, nikikimbia Sabato, nitawatazamaje akina mama walionilisha? Basi nikakaa. Sasa mkinipongeza, chakula kinanikwama."

Kisha sauti ikatoka upande wa akina mama, na kila mtu aliijua ni ya nani. Mwenyekiti hakusimama.

"Kwani tulikulisha ukae?"

Mtu alijaribu kumnyamazisha.

"Niacheni. Nilimchemshia mayai ya safari. Ni nani anayemchemshia mtu mayai ya safari ili akae nyumbani?"

"Na Sabato, je?" mama mwingine alimuuliza.

"Sabato nitajibizana na Mungu wangu. Mimi nauliza mayai."

Baba alikuwa mbele, pamoja na wazee wenzake. Yeye ndiye aliyepaswa kutangaza wimbo. Alifungua kitabu, akafunua kurasa, akarudi mwanzo, akafunua tena. Mwishowe mzee aliyekaa kando yake alitaja namba, tukaimba.

Kesho yake, Jumapili, alikuja mwenyekiti peke yake. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, mayai mapajani.

"Kwa nini hukuniambia?" dada yangu akamwambia. "Ungesema neno moja tu."

"Ningesema nini, nikwambie uivunje Sabato, mimi mwenyekiti? Nilichemsha mayai. Nilidhani umeelewa." Akayaweka mayai chini. "Hiyo Olimpiki yenu inarudi lini?"

"Baada ya miaka minne."

"Miaka minne! Hawa kuku wangu hawafiki." Akautazama mguu wa kushoto. "Na wewe?"

"Sijui, mama."

Safari hii mayai hayakwenda sokoni. Dada yangu alikaanga mawili, wakala pamoja. Viatu vilikuwa bado mlangoni, udongo mwekundu umekauka kwenye soli zake.

Jioni baba aliniita nje. Alitaka kujua kama bado nina namba ya yule mtu wa Nairobi.

"Mpigie," alisema. "Muulize mchujo ujao utakuwa siku gani ya juma."

"Tata, hawajapanga. Ni mbali mno."

"Muulize tu. Wajue mapema kuna mtu huku."

Nilipiga nikiwa nimesimama pale pale, yeye kando yangu, ametega sikio. Simu iliita mpaka ikakatika. Baba akasema nijaribu tena.