Siku Tasnifu Yangu Ilipotafsiriwa Kanisani

Kuna aibu ambayo mtu akiipata anahama, na kuna aibu ambayo unabaki ukiishi nayo kwa sababu majani chai yako hayawezi kung'olewa yakapandwe kaunti nyingine. Yangu ni hii ya pili. Mpaka leo nikipita kwenye kituo cha kupimia chai, hapa chini ya Itumbe, kuna akina mama wanaofunika mdomo kwa leso, na si kwa sababu ya baridi. Sasa kwa kuwa mmenibembeleza, na kwa kuwa wengine wenu mmeisikia hadithi hii ikiwa imetiwa chumvi (sikupanda mimbari, jamani, nani aliwaambia nilipanda mimbari?), acheni niwaeleze mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na pale shuleni ndiye ninayewashauri wanafunzi wenye shida, na baada ya kuwasikia watoto wengi wakilia kwamba nyumbani baba na mama hawasemezani nikaamua kusoma uzamili wa ushauri wa familia. Chuo nilichopata ni cha mapadre Wajesuiti, kampasi moja Nairobi, nyingine ng'ambo ya ziwa, nyingine sijafika hata leo, kwa hiyo mwalimu mmoja yuko huku, mwingine kule, na wewe uko jikoni kwako umewapanga wote kwenye simu kama picha za ukoo. Mimi Msabato, tena wa kuzaliwa na wa kuolewa, niliingia na wasiwasi kwamba wataniongoa, lakini kitu pekee walichonifundisha kwa nguvu ni kunyamaza, maana hao mapadre hawaanzi jambo lolote bila dakika ya kimya, na ukiwauliza swali wanakurudishia lingine. Nikawapenda.

Shida ilikuwa mada. Nilikuwa nimechunguza jinsi wakulima wa chai, mume na mke, wanavyozungumza (au wasivyozungumza) kuhusu mambo yao ya chumbani. Kwa Kiingereza cha chuo mada hiyo ilikuwa imevaa koti na tai, ungeweza hata kuisoma mbele ya askofu. Nyumbani nilisema tu nasoma "mambo ya familia," nikaishia hapo. Mnaotoka kwingine niwaeleze: kwetu Wakisii kuna heshima kati ya wakwe inayoitwa chinsoni. Baba mkwe wangu haingii nyumbani kwangu, mimi siketi kiti chake, na neno lolote la kitandani halitajwi akiwa anasikia. Hata tukipanga kununua shuka tunasubiri apite. Na huyo baba mkwe, Mzee Makori, ndiye mzee wa kanisa letu, mwalimu mstaafu, na Kiingereza chake kimenyooka kuliko changu.

Basi ikaja barua pepe kutoka kwa Father aliyekuwa mwenyekiti wa jopo, kwamba nafasi ya kuwakusanya watahini kutoka kampasi zao ni Jumamosi asubuhi tu, je, siku hiyo inanifaa? Mume wangu, Baba Naomi, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi Ogembo na huwa haongei sana ila akiongea ni kweli, aliniambia, "Waambie tu siku hiyo ni ya kanisa. Si hao ni mapadre? Wataelewa." Mimi nikaona nitaonekana msumbufu, na nafasi ikinipita ni kungoja mwaka mwingine, na shule ilikuwa imeniambia ofisi ya ushauri ni ya mwenye uzamili, nisipoupata itapewa mtu mwingine. Nikaandika: haina shida, Father. Haina shida! Mkono huu ndio ulioandika.

Na nilipanga, msidhani sikupanga. Nyumbani kwetu ni bondeni, netiwaki inakuja ikipenda, lakini kanisa liko juu ya kilima na simu ikifika pale inashika mpaka inapata joto. Tena mimi ndiye wa mitambo kanisani. Simu yangu ndiyo yenye nyimbo zote na ndiyo inayoungana na spika kwa bluetooth. Siku hiyo ilikuwa Sabato ya Familia, na mchungaji mgeni angetuhubiria kutoka Nairobi kupitia simu hiyohiyo, baada ya matangazo. Matangazo ya kanisa letu mnayajua, unaweza kupanda mahindi yakianza na ukavuna yakiisha. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa hivi: matangazo yakianza nazima spika, nachomoka hadi stoo iliyo nyuma ya mimbari, natetea tasnifu yangu, narudi namuunganisha mchungaji, na hakuna atakayejua.

Stoo yenyewe inatenganishwa na kanisa kwa ukuta wa mbao. Nikakaa juu ya sufuria kubwa iliyopinduliwa, simu nikaiegemeza kwenye hotpoti ya chakula cha mchana cha wageni, nikajipaka mafuta ya mdomo ili watahini wasiseme ni mtu wa vijijini. Akatokea Father na nywele zake nyeupe, akatokea Profesa, mama mmoja mkali wa kampasi nyingine. Tukasalimiana vizuri tu. Father akasema kazi yangu wameisoma, watauliza maswali moja kwa moja, lakini kwanza, kama kawaida yetu, tunyamaze kidogo. Na hapohapo simu yangu ikakata sauti. Nikamwona amefumba macho, nami nikafumba.

Nisichojua ni kwamba siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu kanisa lile lijengwe, matangazo yalikuwa yameisha mapema. Shemasi akaona mgeni asingojeshwe, akawasha spika. Spika ikatafuta rafiki yake, ikamkuta stoo. Nikasikia ng'ambo ya ukuta sauti nzito ya mwanamume ikisema kwa Kiingereza, "Tubaki kimya mbele za Mungu," nikajiambia, ajabu, mchungaji ameunganishwaje bila simu yangu? Mtu mwenye akili angesimama hapo ajiulize. Mimi nilishukuru kwamba kazi imepungua.

Sasa niwaambie kuhusu Mzee Ombati. Kwetu mhubiri akisema Kiingereza, kuna mtu anasimama na maikrofoni akigeuza kila sentensi iwe Ekegusii, lugha yetu, kwa ajili ya wazee. Ombati ameifanya kazi hiyo miaka mingi mpaka hasikilizi tena kinachosemwa. Ikitoka sauti upande huu, yeye anaitoa upande ule. Akaliambia kanisa linyamaze, kanisa likanyamaza, watoto wakafinywa. Father akamaliza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, Ombati akaligeuza, na Wasabato wote wakamwitikia Mjesuiti kwa amina moja kubwa.

Mimi kule stoo naona midomo inacheza bila sauti, nikafanya lile tunalofanya sote netiwaki ikisumbua: nikapiga kelele, huku amina ile ikinifunika. "Father, sikusikii! Naona mdomo tu!"

Ng'ambo ikaja sauti ya mwanamke. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba watu walitazamana, lakini kwa kuwa ni Sabato ya Familia wakadhani mchungaji amempa mke wake nafasi. Mama huyo akauliza, kwa kile Kiingereza cha koti na tai, mke katika jamii iliyochunguzwa huanzisha vipi mawasiliano kuhusu ukaribu wa ndoa, hasa mume anapokuwa amechoshwa na kazi. Kisha nikamsikia Ombati, kwa Ekegusii kisicho na koti wala tai, "Anauliza hivi: wewe mama, ukimtaka mzee wako, na yeye ametoka kubeba chai na mgongo unamuuma, unamwambiaje?"

Hilo swali nililijua. Lilikuwa langu, sura ya nne. Nikaangalia juu ya kioo cha simu, nikaona ile alama ndogo ya bluetooth ikiwaka.

Kanisani nikasikia Biblia zikifunuliwa. Ombati akadhani hawakusikia, akarudia kwa sauti zaidi, na akaongeza yake, "Msione haya, hii ni Sabato ya Familia."

Nikaishika simu nitafute pa kuzima hiyo bluetooth, lakini vidole vilikuwa na mafuta ya mdomo, kila nikigusa napata kamera, mara saa, mara picha ya Naomi akiwa mdogo. Kitufe chekundu cha kukata simu nilikiona vizuri sana. Ningekibonyeza ningenyamazisha kila kitu, na masomo yangu yote yangekwenda na kimya hicho. Profesa akasema, na spika ikasema, kwamba kama mtahiniwa hasikiki italazimu waahirishe.

Ombati: "Wanasema kama hakuna wa kujibu wataahirisha."

Na kutoka viti vya akina mama wazee ikapaa sauti moja, "Yaya, hapana! Wasiahirishe!"

"Nipo!" nikapiga kelele. "Profesa, nipo!"

Ukuta ule ni mbao. Kanisa lote liliijua sauti hiyo, ndiyo inayoiita kwaya kila wiki. Na baba mkwe wangu alikuwa amekaa kiti cha mbele, karibu nami kiasi kwamba lau si mbao ningemgusa bega. Niliona haya, jamani, haya ambayo inachoma masikio. Lakini nilifumba macho nikajibu, kwa sababu nilikuwa nimetembea mashamba mangapi kutafuta jibu hilo. Nikasema wake wengi hawatumii maneno. Mke anapasha maji ya kuoga na kumpelekea mume kabla hajaomba, na anaamini mume ameelewa, lakini waume wengi waliohojiwa walidhani ni maji tu.

Ombati hakujali kwamba sauti hii haitoki kwenye spika bali ukutani. "Mama Naomi anasema, akikupashia maji bila kuombwa, hayo si maji tu."

Halafu mwanamume mmoja huko nyuma, kwa sauti ya mtu aliyepoteza mengi, "Kumbe yale maji!"

Basi kanisa likaanguka. Nimeona kanisa likicheka siku za harusi, lakini hiki kilikuwa kicheko cha watu wanaojuana. Katikati ya kelele hizo Profesa akaanza swali lingine, "Na wanandoa wanapofika uzeeni…" na ghafla spika ikafa.

Nikasikia mlango wa kando ukifunguliwa, hatua zikazunguka, zikasimama nje ya stoo. Hakufungua.

"Mama Naomi."

Mzee Makori huwa hanisemeshi moja kwa moja, maneno yake hunifikia kupitia kwa mama mkwe. Nikaitika, "Ee, tata," yaani ndiyo, baba.

"Hiyo kitu nimezima. Ombati nimemkalisha." Akauvuta mlango ukabana zaidi. "Wewe jibu watu wako. Lakini ongea pole pole, hii ukuta ni mbao tu." Akapiga hatua, akarudi. "Mimi naenda kusimama huko kwa chai mpaka umalize."

Nilichungulia kwenye ufa. Alikwenda kweli, akapita choo, akasimama katikati ya majani chai akiwa ameipa stoo mgongo, na manyunyu yakimnyeshea koti lake la Sabato. Nikalia. Sikulia kwa aibu wakati huo.

Sauti ilikuwa imerudi kwenye simu. Father, kwa upole wake, akauliza kama tuko salama, maana amesikia watu wengi. "Ni washiriki wa utafiti, Father," nikasema huku nikijifuta kamasi. Profesa akasema hajawahi kuona mtahiniwa aliyekuja na washiriki wake. Nikapita, na marekebisho madogo. Mchungaji wa Nairobi naye alikuwa amepiga simu mpaka akachoka. Nilipomuunganisha alihubiri kwa ufupi kuhusu uvumilivu, na hakuelewa kwa nini kila alipotaja maji ya uzima watu walikohoa.

Tasnifu ilipotoka kwa mfungaji vitabu, mama mkwe wangu akaja nyumbani na mkungu wa ndizi. Akaketi, akaulizia kuku, akaulizia mvua. Kisha akasema, "Mzee anataka kuona hicho kitabu. Anataka kuona jina tu. Hayo mengine yote funika."

Nikakifunga chote kwa gazeti, nikakata dirisha dogo palipoandikwa jina langu la ndoa, Makori. Akakipokea, akakipakata, lakini hakuinuka.

"Ile swali ya mwisho," akasema akiangalia mlangoni. "Ya wazee. Hatukusikia vile ulijibu."

"Mama, ni Mzee amekutuma uulize?"

"Mzee amenituma kitabu." Akavuta leso yake mabegani. "Mimi maji nimepasha tangu Baba Naomi hajazaliwa. Jibu."

Nilifunga mlango nikamjibu. Alichofanya na jibu hilo sijui, na chinsoni hainiruhusu kuuliza. Lakini Father ameshaniandikia kwamba niendelee na uzamivu, na nimemwambia wazi: nitakuja, ila mada yangu itakuwa magonjwa ya migomba, na ikitokea nafasi ya Jumamosi, wampe mwanafunzi mwingine.